KUVU UKUTANI SI UCHAFU WA MPANGAJI



Kila masika yanapoingia, malalamiko ni yale yale, katika laini za mashambani na katika vyumba vya kupanga mjini: ukuta umelowa, rangi inabanduka, kuvu nyeusi imetanda nyuma ya kitanda cha watoto. Na jawabu la mwenye nyumba ni lile lile: "Pakeni chokaa, fungueni madirisha."

Sisi twasema jawabu hilo ni la kumkwepa mpangaji. Maji huingia ukutani kwa njia tatu. Hupanda kutoka ardhini, pale ambapo fundi hakuweka karatasi ya kuzuia maji juu ya msingi. Huingia kwa paa bovu na mabomba ya mvua yaliyooza. Au ni mvuke wa kupikia na wa nguo zinazoanikwa ndani, unaogandia ukuta wa baridi. Katika hizo tatu, ni hiyo ya mwisho tu ambayo mpangaji aweza kuipunguza. Nayo pia, chumba kisicho na jiko wala tundu la hewa hakukijenga yeye.

Kupaka rangi juu ya ukuta uliolowa ni kuficha ugonjwa. Kwanza zibeni paa, chimbeni mfereji wa kuondoa maji kandokando ya ukuta, acheni ukuta ukauke. Ndipo mpige lipu na rangi.

Wasiosadiki na watazame Uingereza. Katika mji wa Rochdale, mtoto Awaab Ishak, mwenye umri wa miaka 2, alifariki Desemba 2020. Baba yake, aliyetoka Sudan, alianza kulalamika juu ya kuvu mwaka 2017, akaambiwa apake rangi. Novemba 2022 uchunguzi wa kifo ulithibitisha kuwa mtoto aliuawa na maradhi ya kifua yaliyoletwa na kuvu hiyo. Wenye nyumba walikiri kwamba walidhani kosa ni maisha ya familia ile. Sheria ikatungwa mwaka 2023, na tangu Oktoba 2025 wenye nyumba za umma huko wanapewa siku 10 za kazi kuchunguza unyevu na kuvu zenye hatari kubwa, na saa 24 kwa hatari ya dharura.

Je, sisi tungoje mtoto afe ndipo tuseme? Nyumba ni sehemu ya masharti ya kazi. Tunayaomba matawi yote yafanye haya: kagueni nyumba za wanachama kabla ya mvua, andikeni barua yenye tarehe, wala msitegemee maneno ya mdomo, na muda wa matengenezo uingizwe katika mkataba wa hiari na mwajiri, kama vile mshahara na likizo.

Mpangaji mmoja akilalamika huitwa mkorofi. Tawi zima likidai, fundi huja.

Umoja ni nguvu.