Kuvuka peke yake hakutoshi

Mtoto aliyemaliza shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania huingia kidato cha kwanza akiwa na maana moja tu ya kitenzi cha Kiingereza "cross": kuvuka. Aliipata kwenye picha ya watoto wenye sare wanaosubiri gari lipite, akaikariri, akapewa alama zake. Muda si mrefu masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza, na neno lilelile linamfuata kipindi hadi kipindi, kila mwalimu akiwa na lake. Wa hisabati anamtaka azidishe namba ya juu ya sehemu moja kwa namba ya chini ya sehemu ya pili. Wa jiografia anachora mlima uliopasuliwa ubavu ili tabaka za miamba zionekane. Wa biashara anaeleza hundi yenye mistari miwili. Akipanda vidato, wa baiolojia anamletea njegere za Gregor Mendel, mtawa wa Brno aliyechanganya mbegu za maua meupe na za maua ya zambarau, akachapisha matokeo yake mwaka 1866. Katika yote hayo hakuna anayevuka kitu.

Lawama isiende kwa mtoto. Mazoea ya kufundisha Kiingereza kwa orodha ya jozi, neno hili sawa na neno lile, ndiyo yanayomwangusha. Jozi zinafaa kwa meza na kikombe. Kwa vitenzi vyenye umri mkubwa na kazi nyingi, jozi moja humfungia mwanafunzi milango mingine yote.

Kitenzi hiki kina historia inayosaidia kukielewa, na inasikitisha kwamba hairuhusiwi kuingia darasani. Kilianza kama jina la kitu: msalaba. Kilatini kilikuwa na "crux", chombo cha Warumi cha kuulia wahalifu. Watawa wa Ireland walilichukua neno hilo, mabaharia wa Skandinavia wakalipata kutoka kwao, na likaingia Uingereza hadi kulisukuma pembeni neno la wenyeji. Kama kitenzi, miongoni mwa maana zake za mwanzo ni kufanya ishara ya msalaba kifuani. Hapo umbo lenyewe likaanza kufanya kazi: mistari miwili inayokatana. Njia inayokata njia nyingine, kalamu inayokata neno lililokosewa, dume la ukoo mmoja na jike la ukoo mwingine, barua mbili zilizopishana safarini. Kila maana, ukiichora ubaoni, ina mistari hiyo miwili.

Hata hasira imo. Mwingereza mwenye kinyongo huelezwa kwa neno hilihili, na asili yake ni upepo unaokuja ubavuni au usoni mwa jahazi, ukaitwa hivyo kwa kuwa unapinga mwendo. Kutoka upepo mkaidi likahamia kwa mtu mkaidi, kisha kwa mtu aliyenuna. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawana sababu ya kuona hilo kuwa geni. Upepo wa mbisho ni ule unaokuja kinyume na chombo, na anayekataa kauli ya mwenzake anasemwa kuwa anabisha.

Kiswahili kilikwenda njia nyingine. Msalaba, kutoka Kiarabu, ulibaki kuwa msalaba, na kitenzi cha shina hilohilo, kusulubu, kikabaki na mateso yake. Mwendo wa kutoka upande mmoja hadi mwingine tayari ulikuwa na kitenzi chake cha Kibantu, kuvuka, nacho kina uzao mkubwa: kuvusha, kuvukia, kivuko. Likoni au Kigamboni, kivuko ni chombo na ni mahali pia, na hata michirizi myeupe ya barabarani inaitwa kivuko cha waenda kwa miguu. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alipofungua daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, wasafiri wa Mwanza na Geita waliacha kusubiri kivuko. Kuvuka kwao kukabaki palepale.

Lakini kando ya kuvuka kuna ukoo mzima wa maneno ambayo shule haiyaleti mezani. Mti ulioanguka barabarani umekingama. Anayeingia kati ya magari kwa haraka anakatiza. Aliyeketi mguu mmoja juu ya mwingine amekunja nne. Anayevunja sheria anaikiuka, na aliyezidi kiasi amechupa mipaka. Wazo humjia mtu au humpitia. Katika soka, Shomari Kapombe wa Simba alipopanda pembeni na kuupeleka mpira mbele ya lango, watangazaji walisema amepiga krosi, amemimina majalo, au amemwaga maji. Majalo na maji ni kazi ya wasikilizaji na watangazaji wenyewe, na hakuna kamati iliyowaamuru. Anayedai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kutosha kubeba neno hili la Kiingereza hajasikiliza redio Jumapili jioni.

Siasa nayo ina mfano mzuri. Katika bunge la Uingereza viti vya pande mbili vinatazamana, na mbunge anayehama chama huvuka sakafu kwa miguu yake. Winston Churchill alifanya hivyo tarehe 31 Mei 1904, akatoka kwa Wahafidhina akaketi na Waliberali, na miaka ishirini baadaye alikuwa amerudi alikotoka. Kenya iliona uhamaji mkubwa zaidi Novemba 1964, chama cha upinzani cha KADU kilipojivunja na wabunge wake kuingia chama tawala, KANU. Tanzania mambo ni tofauti, kwa kuwa Ibara ya 71 ya Katiba humnyang'anya kiti mbunge anayeacha chama kilichompeleka bungeni. Kwa hiyo Maulid Mtulia wa Kinondoni na Godwin Mollel wa Siha, walipoacha upinzani mwaka 2017, walijiuzulu kwanza, wakarudi kupitia CCM katika uchaguzi mdogo wa Februari 2018. Hakuna sakafu iliyovukwa hapo. Msamiati wa wakati huo ulikuwa "kuunga mkono juhudi", na mwandishi anayetafsiri habari za London kwa kusema mbunge "amevuka sakafu" anampa msomaji wa Dodoma picha isiyomfaa. Amehama chama. Inatosha.

Usaliti unaonyesha tofauti hiyo kwa uwazi zaidi. Mwingereza husema mtu amekatwa mara mbili. Mswahili husema amezungukwa, au rafiki yake amemgeuka. Katika Vita Kuu ya Pili idara ya ujasusi ya Uingereza iliwageuza majasusi wa Ujerumani wawe wake, na kamati iliyosimamia mpango huo, chini ya John Masterman, iliitwa Kamati ya Ishirini kwa sababu namba hiyo kwa Kirumi huandikwa XX, misalaba miwili. Mhispania Juan Pujol García, aliyeitwa Garbo, aliwashawishi Wajerumani kwamba mashambulizi ya Normandy ya Juni 1944 yalikuwa geresha, na pigo lenyewe lingeshuka Pas-de-Calais. Wajerumani walimtunuku Msalaba wa Chuma, na Waingereza nao wakampa nishani yao. Ujanja ule wote umejengwa juu ya herufi mbili na neno moja. Mfasiri mwenye akili atausimulia kwa lugha ya kuzungukana, kisha aeleze ile XX kwa sentensi moja.

Shambani jambo hili lina uzito wa chakula. Mwaka 1964 wataalamu wa Kitale, Kenya, walitoa mahindi ya H611, yaliyotokana na kuchanganya mbegu iliyoboreshwa palepale Kitale na mbegu iliyotoka Ecuador. Mkulima anaijua kama mbegu chotara, na anajua kwamba akipanda punje alizovuna mwenyewe msimu unaofuata mavuno yatapungua. Ujuzi huo ni uleule wa Mendel. Mtoto wake anaweza kushindwa swali la baiolojia kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kile kitenzi cha Kiingereza ndicho uchotara unaozungumzwa nyumbani kila msimu wa kupanda.

Mahakamani hatari ni kubwa zaidi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama Tanzania. Wakili wa upande wa pili anaposimama kumhoji shahidi, Kiingereza hutumia kitenzi kilekile cha mistari inayokatana, na mahakama zina maswali ya dodoso. Ni neno zuri. Kudodosa ni kuuliza kidogo kidogo hadi siri itoke, na shahidi wa kijijini analielewa bila mkalimani. Ni vizuri pia kwamba neno mtambuka lilitolewa kwenye kitenzi cha zamani, kutambuka, ambacho ni kupita juu ya kitu, likatumika kwa masuala yanayogusa kila sekta kama jinsia na mazingira. Leo linaandikwa katika mipango ya halmashauri bila maelezo.

Maneno haya yapo, ila yametawanyika: moja mahakamani, jingine uwanjani, jingine shambani. Kamusi ya Kiingereza–Kiswahili iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996 iliweka msingi mzuri, na toleo lolote lijalo lingepaswa kupanga maana za vitenzi vya aina hii kwa kile kinachofuatana navyo: na barabara, na hundi, na mbegu, na shahidi, na mpira, na miguu. Walimu hawana haja ya kulisubiri. Kipindi kimoja cha dakika arobaini, sentensi sita za Kiingereza ubaoni, kila moja ichorewe mistari yake miwili, kisha wanafunzi waseme nyumbani kwao jambo hilo linaitwaje. Watunzi wa mitihani nao waache kuuliza maana ya neno likiwa peke yake, waulize maana yake ndani ya sentensi.