Timu Iliyotolewa Ndiyo Inayohitaji Mechi

Kila mwaka, mara tu timu ya hoki ya shule inapotolewa mashindanoni, neno hupita kutoka ofisini hadi uwanjani: msimu umekwisha, rudisheni magongo stoo. Kocha akiomba basi Jumamosi mbili au tatu zinazofuata ili vijana wakacheze mechi za kirafiki na shule jirani, anaulizwa za nini. Hakuna kombe, hakuna pointi, hakuna nafasi ya kusonga mbele. Mafuta ni ghali, mitihani inanyemelea, na mtoto wa watu anaweza kuumia bure. Wanaosema hivi hawana nia mbaya. Ni walimu wakuu wenye bajeti finyu, wazazi wanaotaka alama nzuri, na wakati mwingine makocha wenyewe, waliochoka kuomba. Hata hivyo wamekosea, na wanaolipia kosa hilo ni vijana ambao bado hawajajua mchezo.

Tuanze na hesabu. Michezo ya shule za sekondari nchini Kenya hupanda ngazi kwa ngazi: kaunti ndogo, kaunti, kanda, taifa, na hatimaye Afrika Mashariki chini ya FEASSSA, shirikisho la michezo ya shule za sekondari la ukanda huo. Hoki imo katika michezo ya muhula wa kwanza. Sasa chukua timu 16 zinazocheza mtoano. Ukiacha mechi ya kutafuta mshindi wa tatu, mechi zote ni 15. Timu nane zinacheza mara moja na kwenda nyumbani. Nne nyingine zinacheza mara mbili. Ni timu mbili tu zinazofikisha mechi nne. Hata mashindano yakianza kwa makundi ya timu nne nne, timu inayoburura mkia inaondoka baada ya mechi tatu, zote pengine imefungwa, na zote zimechezwa ndani ya siku chache.

Maana yake ni kwamba mashindano huwagawia mechi nyingi wanaojua tayari na kuwanyima wasiojua. Silaumu mashindano kwa hilo, kwa kuwa kazi yake ni kumtafuta bingwa. Lakini kazi ya shule ni kufundisha, na shule inayofunga msimu siku timu yake ilipotolewa imeiachia ratiba ya mashindano iamue mtoto ajifunze kiasi gani. Bingwa wa taifa ataendelea kucheza hadi michezo ya Afrika Mashariki, ambayo kwa kawaida hufanyika Agosti. Aliyetolewa katika kaunti ndogo mwanzoni mwa mwaka hatagusa mpira wa mechi mpaka mwaka ufuatao, akikutana tena na wale wale waliomtoa, nao wakiwa na mechi nyingi zaidi miguuni.

Wapenzi wa hoki ya shule wanayajua majina yanayorudi kileleni: Musingu, St. Anthony's ya Kitale, Kamusinga, na kwa wasichana Sinyolo na Misikhu. Shule hizo zimetoka jasho kujenga desturi ya mchezo, na heshima yao ni halali. Ila sehemu ya nguvu zao ni kwamba wachezaji wao hucheza sana. Anayetaka kuwafikia hana budi kutafuta mechi mahali pengine, na mahali palipo wazi kwa kila shule, hata ile isiyo na kabati la vikombe, ni mechi ya kirafiki.

Wapo watakaosema: basi wafanye mazoezi tu, kwani lazima mechi? Mazoezi ni ya lazima, lakini kuna mambo ambayo uwanja wa mazoezi hauwezi kuyaleta. Chukua kona fupi, silaha kubwa ya hoki ya leo. Mpira huwekwa kwenye mstari wa mwisho wa uwanja, angalau mita 10 kutoka mwimo wa goli ulio karibu. Walinzi wasiozidi watano, kipa akiwemo, husimama nyuma ya mstari huo. Wenzao husubiri katikati ya uwanja. Mpira ukisukumwa tu, walinzi wanachomoka. Mkimbiaji wa kwanza, barakoa usoni, anamwendea mpiga shuti moja kwa moja, akijua kwamba mpira huo mgumu una uzito wa gramu 156 au zaidi na huenda ukaja usawa wa magoti yake. Kwa gongo lake anafunga upande mmoja wa lango. Upande uliobaki ni wa kipa. Mkimbiaji akitoka nusu hatua nje ya njia yake, anaacha mwanya, au anamziba kipa asiuone mpira. Hayo yote yanaisha kabla mtazamaji hajavuta pumzi.

Sasa mfikirie msichana wa miaka 15 anayepewa kazi hiyo kwa mara ya kwanza. Kwenye mazoezi anayempigia ni rafiki yake wa bweni, ambaye hatapiga kwa nguvu zote. Kwenye mashindano kocha hatathubutu kumweka, kwa kuwa bao moja linaweza kumaliza safari ya timu nzima. Mechi ya kirafiki ndiyo inayomkutanisha na mpigaji asiyemjua, mwenye nia ya kweli ya kufunga, siku ambayo bao likiingia halimfukuzi mtu. Akikosea njia, kocha anamwita pembeni na kumwonyesha, kisha anamrudisha kwa kona inayofuata. Tena makocha wawili wakielewana, baada ya filimbi ya mwisho kila upande unaweza kupiga kona kumi za ziada. Kuna timu ambazo hazipati kona kumi katika mashindano yao yote ya mwaka.

Kipa wa akiba naye yuko katika hali ngumu kuliko wote. Katika shule nyingi vifaa kamili vya kipa ni seti moja: kofia, kinga ya kifua, pedi za miguu, viatu vya kupigia mpira teke, glavu. Seti hiyo ni ya kipa namba moja, na kipa wa pili hukaa benchi akiwa na jezi tu. Kipa wa kwanza anapomaliza shule, mrithi wake anavaa pedi katika mechi ya kaunti ndogo, uzito wa pedi hizo ukiwa mgeni mwilini mwake, na anafungwa mabao matano. Watu husema hana kipaji. Ukweli ni kwamba hakupewa nafasi ya kuvivaa vifaa hivyo huku mpira ukija kwa nguvu za mechi. Jumamosi tatu za mwisho wa msimu zingetosha kubadili hilo.

Sheria za hoki zenyewe ziko upande wa kuchezesha wengi. Tofauti na kandanda, mchezaji wa hoki anaweza kutoka na kurudi mara nyingi apendavyo kocha, isipokuwa wakati wa kona fupi. Nafasi hiyo mashindanoni hutumiwa kwa uoga: wale kumi na mmoja wanaoaminiwa hubaki uwanjani mpaka miguu iwaishie. Katika mechi ya kirafiki kocha anaitumia kama ilivyokusudiwa. Anaweza kumhamisha beki awe kiungo, akambadilisha winga upande, akawapa wa madarasa ya chini robo nzima ya mchezo, na akagundua vipaji ambavyo hakuna mechi ya ushindani ingemruhusu kuvitafuta.

Wanaoidharau mechi isiyo na kombe wanasahau pia historia ya mchezo huu katika nchi hii. Mwishoni mwa 1947 timu ya India ilifunga safari kuja Afrika Mashariki ikiongozwa na Dhyan Chand, mwenye medali za dhahabu za Olimpiki za 1928, 1932 na 1936. Alikuwa na miaka 42, jua la uchezaji wake likielekea machweo. Waasia waliokuwa wakicheza hoki huku ndio walioomba timu hiyo ije, na walitaka Dhyan Chand mwenyewe awemo. Wahindi hao hawakuja kugombea nafasi ya Olimpiki. Walikuja kucheza mechi za ziara, na wachezaji wa huku walisimama uwanja mmoja na gwiji wa dunia, wakaona kwa macho yao mpira unavyotulizwa na kupigwa. Mwaka 1956 Kenya ilicheza Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Melbourne. Mwaka 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza la hoki huko Barcelona, Kenya ikiwa na nahodha Avtar Singh Sohal ilifika nusu fainali na kumaliza ya nne. Ziara moja haikuzaa hayo yote. Klabu za Nairobi na ligi zake zilifanya kazi kubwa. Lakini mwanzo wa ngoma ni lele, na nchi ambayo haijacheza hoki ya Olimpiki tangu Seoul 1988 haina sababu ya kudharau njia iliyowahi kuifaa.

Nirudi kwenye mapingamizi, maana yapo yenye uzito. La kwanza ni majeraha. Ni kweli kwamba hoki ina hatari zake na kwamba mwili uliochoka huumia upesi. Lakini tuangalie uchovu unatoka wapi. Mashindano ya shule hubana mechi: leo moja, kesho moja, wakati mwingine mbili kwa siku moja, na wachezaji ni wale wale. Mechi moja ya kirafiki kwa wiki, dakika zikigawanywa kwa wachezaji 18, ni mzigo mwepesi kuliko huo. Anayejali miili ya vijana kwa dhati angeanza kuuliza maswali kuhusu ratiba ya mashindano kabla ya kuzigusa Jumamosi za kirafiki.

La pili ni mitihani. Hapa nakubaliana na wazazi kwa sehemu: mtahiniwa wa mwaka wa mwisho asilazimishwe. Na hilo linaifaa timu. Mwisho wa msimu ndio wakati wa watahiniwa kukabidhi, na wadogo wao kupokea. Wakubwa watatu au wanne wakija kwa hiari, wakasimama pembeni kumwelekeza beki mpya, timu ya mwakani inakuwa imeanza kujengwa mwaka huu. Timu isiyo na mechi za namna hiyo hulazimika kuanza upya kila Januari.

La tatu ni gharama. Siyapuuzi mafuta ya basi, kwa sababu kuna shule ambazo hata chaki ni shida. Ila si lazima mechi ya kirafiki iwe safari ya mbali. Shule mbili zilizo kilomita chache kutoka moja hadi nyingine zinaweza kupokezana wenyeji, timu za wavulana na wasichana zikapanda basi moja, na chakula kikawa kile kile kinachopikwa shuleni siku hiyo. Penye klabu ya watu wazima karibu, wanafunzi wa zamani wanaweza kuja wao. Na kila mechi kama hiyo ni darasa la waamuzi pia. Hoki huchezeshwa na waamuzi wawili, kila mmoja na nusu yake ya uwanja. Mwalimu kijana au mwanafunzi aliyeumia anaweza kushika filimbi upande mmoja akisaidiwa na mzoefu upande wa pili. Tunalalamika kila mwaka kwamba waamuzi ni wachache, huku tukifuta mechi ambazo wangejifunzia.

La nne husemwa kwa sauti ya chini: eti vijana wakicheza bila kitu cha kugombea, watazoea kushindwa. Aliyewahi kuona shule mbili jirani zikikutana hawezi kuamini hilo. Watoto hao watakutana sokoni na kwenye matatu, na hakuna anayetaka kuchekwa. Hamu ya kushinda wanaingia nayo uwanjani bila kufundishwa na mtu. Wanachohitaji kufundishwa ni la kufanya timu ikiwa nyuma kwa mabao mawili, mpira ukikataa kutulia kwenye nyasi zenye mabonde, na mwamuzi akimpa mmoja wao kadi ya kijani inayomtoa nje kwa dakika mbili. Hayo hujifunzwa kwa kuyapitia.

Mechi ya kirafiki isiyo na mpango, hata hivyo, ni matembezi tu. Ikiwa kocha atawapanga wale wale kumi na mmoja, apige kelele kwa kila kosa na kurudi akijivunia ushindi wa 4-0 dhidi ya shule inayoanza hoki, amepoteza mafuta kweli, na mwalimu mkuu ana haki ya kumnyima basi. Anayeomba mechi hizo aende ofisini na karatasi inayosema nani atacheza golini robo ya tatu, nani atajaribiwa kwenye kona fupi, nani atashika filimbi. Akirudi aeleze alichokiona. Mwalimu mkuu ataheshimu ombi la namna hiyo, kwa sababu linafanana na andalio la somo.

Ninachoziomba shule zetu ni kidogo. Ratiba ya mwaka inapopangwa, ziwekwe Jumamosi tatu baada ya siku ya kutolewa, na ziandikwe mapema kabla hasira ya kufungwa haijaamua kwa niaba yetu. Waalikwe jirani mmoja mwenye nguvu, mmoja wa kiwango chetu, na mmoja anayeanza. Kila mchezaji aliyehudhuria mazoezi msimu mzima apate angalau robo moja ya mechi. Tutakuwa tumewapa vijana kile ambacho mtoano hauwezi kuwapa, yaani nafasi ya kukosea na kurudia mpaka waweze, na mwakani tutaingia mashindanoni na timu ambayo imeshacheza.