Bomba Kubwa Haliponyi Injini Mgonjwa

Kila wiki lazima nipate meseji kama hii: "Bro, ile ekzosi ulifunga kwa pikapu ni how much? Nipee namba ya fundi." Anayeuliza huwa ameona ile video yangu ya sekunde arobaini, ndai ikinguruma alfajiri na moshi mweusi ukitoka nyuma kama jiko la mashini ya lami. Sitawadanganya, ile video ndiyo ilinilipia keja nilipoacha kampasi. Ndiyo maana nimekawia kusema hili: ile kazi ilikuwa upuzi, na mimi ndiye niliwauzia.

Stori iko hivi. Pikapu ni ya mjomba, dizeli ya 2.5 yenye turbo. Tunatoa waru na kabeji Kinangop, tunashusha Marikiti. Ikaanza kuchoka. Mlima iliyokuwa inapanda na gia ya tatu, sasa inataka ya pili, na moshi umeongezeka. Mimi nilikuwa nimeshinda kwa simu nikitazama Wamarekani wakitoa sailensa na kuweka bomba la inchi 3, halafu wanasema gari imepata nguvu. Nikamwambia mjomba, "Uncle, niachie hii kitu, nitaitengeneza."

Nikaenda kwa fundi mmoja wa mtaa na elfu 35. Akakata sailensa, akakata kataliti, akachomelea bomba moja kutoka kwa turbo hadi nyuma. Ile kataliti alibaki nayo, na mimi sikuuliza. Nilikuja kujua baadaye kwamba ndani yake kuna madini ya bei kama platinamu, na kuna watu wanazinunua kila siku. Yaani nililipa mtu anichukulie mali.

Kurudi barabarani, kelele ilikuwa noma. Nilijiona boss. Kisha tukafika kwa ule mlima na mzigo uleule. Gia ya pili, kama kawaida.

Hapa ndipo wengi wetu tunachanganyikiwa, kwa hivyo wacha nieleze pole pole. Turbo inazungushwa na moshi unaotoka kwa injini. Ukipanua njia baada ya turbo, moshi unatoka kwa urahisi na turbo inaamka mapema kidogo. Hiyo ni ukweli. Lakini nguvu ya dizeli inatoka kwa mafuta na hewa, na kompyuta ya gari ndiyo inaamua mafuta ni ngapi. Ukibadilisha bomba peke yake, tofauti ni ndogo. Kile unachosikia kimeongezeka ni sauti, na masikio yanaambia kichwa kwamba gari inaenda mbio.

Na ule moshi mweusi tunaushangilia kwa video? Hayo ni mafuta ambayo hayajachomeka vizuri. Ni doh yako inapaa. Dizeli ikitoa moshi mweusi inakuambia hewa haitoshi au mafuta yanamwagwa vibaya.

Mekanika mwingine, mzee mmoja mpole, ndiye alitusaidia. Hakuangalia hata bomba. Alifungua filta ya hewa, ikawa imejaa vumbi la Kinangop. Akapapasa ule mpira unaopeleka hewa kutoka intakula hadi kwa injini, akapata ufa. Hewa ilikuwa inatorokea hapo. Filta mpya, mpira mpya na kazi yake ilikuwa elfu 9. Wiki hiyo tulipanda mlima na gia ya tatu, na moshi ukapungua kabisa. Sasa piga hesabu: nilitumia elfu 35 kukwepa shida ya elfu 9.

Lakini pesa si ndiyo iliniuma zaidi. Huwa natoka kejani saa kumi asubuhi. Kwa ploti yetu, gari inalala chini ya dirisha la jirani wa graundi. Siku moja alinisubiri kwa gate. Hakunigombanisha. Aliniambia, "Kijana wangu, sikukatazi kazi. Lakini hiyo gari ikiamka, mtoto wangu pia anaamka, na akiamka hivyo lazima nitafute pampu yake." Mtoto ana asma. Nilisema, "Pole sana mama," nikaingia kwa gari, nikakosa hata nguvu ya kuiwasha.

Najua mtasema: mbona mathree zinapiga kelele, malori yanatoa moshi, na hakuna anayesema kitu? Ni kweli, na inaudhi. Sheria ziko. Kanuni za kelele zilitoka 2009, za ubora wa hewa zilitoka 2014, na nyingi tunaziona kwa karatasi tu. Lakini hiyo si ruhusa ya mimi kuongeza yangu. Mwaka 2012, IARC, ile taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliweka moshi wa dizeli kati ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Dereva wa lori hamjui huyu mtoto wa graundi. Mimi namjua jina.

Sisemi msibadilishe ekzosi. Ya zamani ikioza lazima utoe, na kazi nzuri ya ekzosi ni kazi tamu. Ila fanya hivi. Kwanza tibu injini: filta, mipira ya hewa, nozo. Kataliti ibaki, na kama gari yako ina ile filta ya masizi, usiitoe. Taa ya injini itawaka na gari inaweza kukataa kuvuta. Bomba likipanuliwa, weka sailensa ya saizi hiyo. Acha kipande kinachonyumbuka karibu na injini, kwa sababu injini inatikisika na bomba gumu litapasuka kwa welding. Litundike kwa raba, mbali na paipu za breki, nyaya na tangi. Mwisho wake upite bodi yote, usiishie chini ya kebini, la sivyo moshi utaingia kwako na kwa tanboi wako. Na kabla fundi hajawasha welding, toa waya za betri, usije ukachoma kompyuta.

Nilirudisha sailensa na kataliti, nikatoboka tena. Gari sasa ni tulivu. Video mpya ya gari tulivu haina watazamaji, hiyo mniamini, na rent bado inakuja tarehe tano. Ile ya zamani nimeitoa jana usiku, na ilikuwa inaniletea chapaa hadi wiki iliyopita.

Kwa hivyo ukiniuliza tena bei ya ile ekzosi, nitakuuliza swali langu kwanza: dirisha gani liko karibu na pahali unapaki?