Mbwa Wako Si Koko, Koko Ni Wewe

Wiki jana niliposti video fupi ya mbwa wangu, Bosi, akifukuza nyani kwenye shamba letu la mahindi na ndengu huku Mutomo. Nyani wanne, mbwa mmoja. Wakatoka mbio, mahindi yakabaki. Mimi nikadhani watu wangu mtafurahi. Wueh! Komenti ya kwanza: "Hiyo ni mbwa ama ni mbuzi imekonda?" Ya pili: "Buda, nunua German Shepherd uache kuaibisha Ukambani." Ya tatu ndiyo ilipata laiki nyingi kuliko video yenyewe: "Koko ni koko tu."

Sawa. Leo nimekaa chini niandike, kwa sababu hili jambo limenikera na nina deni nalo.

Kwanza tuelewane tunaongea kuhusu mbwa gani. Yule wa kimo cha goti, manyoya mafupi, rangi ya udongo, kiuno chembamba, miguu mirefu, mkia umejikunja, masikio hayatulii. Kila boma kutoka Mwingi hadi Mtito Andei lina mmoja, na nusu yao wanaitwa Simba. Huyo ndiye ngiti wetu. Mababu walitembea naye nyikani na upinde na mishale ya sumu. Kazi yake ilikuwa kunusa, kufukuza, kumzuia mnyama asitoroke na kumfuata aliyejeruhiwa mpaka alipoanguka. Hakuna aliyemfundisha shuleni. Aliyekuwa mzito aliachwa nyuma, aliyekuwa mgonjwa alikufa, na aliyebaki ndiye aliyezaa. Mnayemcheka amechujwa na hili jua letu kwa vizazi ambavyo hakuna mtu amevihesabu.

Sasa niwape hadithi, na si ya kutunga.

Huko Kongo kuna mbwa wa kijijini anayefanana sana na huyu wetu. Mdogo kidogo, kama sentimita 40 hadi 43 begani, kilo 10 au 11. Masikio yamesimama, mkia umejiviringa, manyoya mafupi. Habweki kama mbwa wengine, hutoa sauti kama anayeimba, ndiyo maana wawindaji walimfunga kengele ya mbao shingoni wajue aliko msituni. Waingereza walipomwona walimpenda. Mwaka 1895 walipeleka wawili kwao, wakafa kwa distemper. Hawakukata tamaa. Mwaka 1937 walionyeshwa wengine kwenye maonyesho makubwa ya mbwa ya Crufts, watu wakajaa kuwatazama. Leo mbwa huyo ana vyeti, ana kitabu cha ukoo, na ukimtaka Marekani au Ulaya unalipa pesa nyingi.

Unajua wanamwitaje? Basenji. Jina limetoka Kilingala, maana yake mbwa wa watu wa vijijini, watu wa porini. Hebu litamke polepole. Basenji. Ni ndugu wa neno letu, washenzi. Yaani lile tusi tunalomtupia mbwa wetu na jiwe juu, "toka hapa, mbwa shenzi", wenzetu wamelichapisha kwenye cheti na kulitia muhuri.

Na haijaisha. Wale waliopelekwa ng'ambo walikuwa wachache, wakazalishana wao kwa wao mpaka magonjwa ya kurithi yakawaandama, ya damu na ya figo. Walifanya nini? Mwaka 1987 na 1988 Wamarekani walifunga safari hadi Zaire, wakaingia vijijini, wakatafuta mbwa wa kawaida kabisa waliolala nje ya nyumba za udongo, wakarudi nao. Mwaka 1990 chama cha mbwa cha Marekani kilifungua kitabu chake ili wageni hao waingizwe kwenye ukoo. Mbwa mwenye vyeti aliokolewa na mbwa asiye na cheti. Kwa hivyo ukiniambia "koko ni koko tu", mimi nakuuliza: nani alimwendea mwenzake kuomba damu?

Sisemi ngiti wetu ni Basenji. Wetu hubweka, tena hubweka saa tisa usiku bila sababu. Nasema dharau yetu haina msingi. Nabii hakubaliki kwao, na mbwa pia.

Mtu ananiambia ninunue German Shepherd. Ndugu yangu, yule ni mbwa mzuri. Lakini amevaa koti la tabaka mbili, la kazi ya nchi ya baridi. Umlete Kibwezi mwezi wa pili, umfunge chini ya mabati saa nane mchana, umpe ugali mkavu, halafu ushangae amelala ulimi nje na mwizi anapita. Nina rafiki aliyefanya hivyo. Alinunua mtoto wa mbwa Nairobi, akamleta na gari, akampiga picha kumi. Mwaka haukuisha. Kupe walimmaliza na daktari wa mifugo akaitwa siku ya mwisho. Ile pesa ingechanja mbwa wa kijiji kizima.

Hapo kwa chanjo ndipo nataka tusimame, kwa sababu ndipo deni langu lilipo.

Wako watu watasoma mpaka hapa wapige makofi. "Sema, kijana! Mbwa wetu ni ngangari! Hahitaji chochote, anajitafutia!" Nyinyi ndio nawatafuta hasa. Wanaomcheka mbwa wetu wanamtusi, lakini nyinyi mnaomsifu ndio mnaomuua. Ati kwa sababu ni wa kienyeji hahitaji chanjo. Ati ana damu kali. Tunamwita koko labda kwa sababu tunachompa ni ukoko wa ugali peke yake, tena siku ambayo sufuria limeungua.

Kabla ya Bosi nilikuwa na Simba. Mkali, mwepisi, mlinzi wa mbuzi. Sikuwahi kumchanja. Nilijiambia mwaka ujao. Siku moja akamwuma mtoto wa jirani, wa miaka minane, akienda kuchota maji. Mama yake aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, amechanjwa?" Hakunipigia kelele. Nilitamani angepiga kelele. Sikuwa na kadi, sikuwa na jibu.

Kituo cha kwanza cha afya kiliwaambia dawa imeisha. Wakapanda bodaboda hadi mbali, wakarudi tena na tena kwa sindano zilizobaki, kila moja na tarehe yake. Yule mama aliuza mbuzi wawili. Nilimlipa mmoja baadaye, wa pili bado. Na Simba? Vijana walimmaliza kwa mawe jioni ileile. Mbwa aliyeuma akifungwa mahali salama na kutazamwa siku 10, mtaalamu anaweza kujua kama alikuwa na kichaa alipouma. Sisi hatukungoja hata saa 10. Mtoto yuko salama leo, anaenda shule. Lakini mpaka sasa sijui kama Simba alikuwa mgonjwa, au alikanyagwa mkia tu.

Kichaa cha mbwa hakina mzaha. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Duniani huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na watoto ndio huumia zaidi. Kenya iliweka mpango wa kukimaliza ifikapo 2030, na kati ya kaunti 5 zilizochaguliwa kuanza ni Kitui na Makueni. Sisi! Hesabu yake si ngumu: mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa pa kupitia. Sasa kampeni ikija sokoni unasikia mtu mzima akisema hawezi kumshika mbwa wake. Hawezi kumshika! Mbwa wa miaka mitatu hajawahi kuguswa na mwenyewe isipokuwa kwa teke.

Kuna kundi lingine, wazee wangu wa kuwinda. Heshima yenu iko pale pale, shikamoo. Lakini mnaponiambia mbwa wa kuwinda asipowinda anaharibika, hapo naomba tukatae. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haimwachi hata anayewinda kwa sufuria yake mwenyewe. Kijana anaenda na mbwa watatu usiku kutafuta digidigi upande wa Tsavo, anashikwa, familia inachanga faini. Mbwa waliobaki porini ndio hao wanaorudi wameumwa na mbweha, wakiwa na jambo lisiloonekana kwa macho.

Kazi ya huyu mbwa haijaisha. Imebadilika. Pua ileile inamjua fisi kabla hajafika zizini. Miguu ileile inamtoa nyani shambani. Mpeni kazi hiyo.

Na matunzo yake si ya kitajiri, nisikudanganye. Maji safi kila siku, maana joto la huku halichagui. Kivuli. Chakula mara mbili: ugali na mchuzi, dagaa kidogo, mifupa mikubwa isiyokatika vipande vikali. Ukichinja mbuzi na kukuta ini au mapafu yana malengelenge ya maji, usimtupie. Choma au zika, kwa sababu ile ni minyoo inayopita kwa mbwa na kurudi kwa watoto wako. Mpe dawa ya minyoo. Mwangalie kupe masikioni na katikati ya vidole. Usimfunge mnyororo mchana kutwa halafu umwite mkali. Kama hutaki watoto wa mbwa wa kutupa kando ya barabara, mhasi. Na chanjo ya kichaa: ya kwanza akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka, na kadi uiweke pamoja na vyeti vya watoto. Kampeni zikija chanjo huwa ya bure. Usipozisikia, ulizia kwa afisa wa mifugo wa wadi yako.

Mtu akiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Usipake pilipili, usipake mafuta ya taa, usingoje uone. Na ukianza sindano, zimalize zote.

Bosi ana kadi. Iko kwenye karatasi ya nailoni juu ya kabati la mama, na nilimpeleka mimi mwenyewe, nimemshika kichwa, akanikojolea kiatu. Hakuna laiki nimepata kwa hiyo. Lakini yule mtoto wa jirani sasa anapita kwetu akienda kuchota maji, na mama yake hasimami tena njiani kumtazama mpaka apite.

Kwa hivyo sitaki komenti kuhusu sura ya mbwa wangu. Andika hapo chini vitu viwili: jina la mbwa wako, na mwaka aliochanjwa mara ya mwisho. Kama jina unalo na mwaka huna, basi mbwa aachwe. Koko tumempata.