Aberfan: Ajali iliyokuwa na kinga

Ipo methali ambayo tumeizoea mno hata hatuipimi tena tunapoitamka: ajali haina kinga. Jengo likiporomoka, ndiyo tunayoikimbilia. Kivuko kikizama, ndiyo wanayofarijiwa nayo wafiwa. Neno lenyewe, kama wajuavyo walimu wa Kiswahili, tumelipokea kutoka kwa Kiarabu, ambako asili yake ni muda uliowekwa, yaani siku ya mtu iliyokwisha kuandikwa. Kwa hivyo anayeliita jambo ajali huwa amekwisha kutoa hukumu, apende asipende, kwamba hapana aliyekosa. Leo nataka kuipima methali hii kwa kisa cha kijiji kimoja kidogo cha Wales, kwa maana sijui kisa kinachoisuta vizuri zaidi, wala kinachowahusu watu wa shule kwa karibu zaidi.

Kijiji hicho ni Aberfan. Kimo katika bonde la mto Taff, kusini mwa Wales, kilomita chache kutoka mji wa Merthyr Tydfil. Mabonde ya huko ni membamba na milima yake huinuka ghafla kila upande, kwa hivyo nyumba za wafanyakazi zilijengwa kwa safu ndefu zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Mwaka 1869 ilianza kazi ya kuchimba mgodi wa makaa ya mawe wa Merthyr Vale ng'ambo ya mto, na kijiji kikakua kwa ajili ya mgodi huo. Baba alishuka chini ya ardhi, mwana akamfuata, na mjukuu vivyo hivyo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza iliitwaa migodi na kuikabidhi Halmashauri ya Kitaifa ya Makaa ya Mawe. Wachimbaji wengi walishangilia siku hiyo, kwani waliamini kuwa mgodi sasa ni mali yao wenyewe.

Lakini mgodi hautoi makaa peke yake. Hutoa pia mawe, udongo na tope laini linalobaki baada ya makaa kuoshwa. Bondeni hapakuwa na nafasi ya kuyaweka mabaki hayo, basi yakapandishwa mlimani na kumwagwa juu ya kijiji. Kufikia mwaka 1966 kulikuwa na malundo 7. Lundo la saba lilianzwa mwaka 1958, na katika muda wa miaka minane lilikuwa limefikia urefu wa mita 34. Chini yake palikuwa na chemchemi. Chemchemi hizo hazikuwa siri: zilionyeshwa katika ramani, na wenyeji waliokulia mlimani hapo walizijua tangu utotoni.

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 21 Oktoba 1966, baada ya siku nyingi za mvua, lundo hilo lilishuka. Ilikuwa saa tatu na robo. Watoto wa shule ya msingi ya Pantglas walikuwa ndio kwanza wameketi madarasani, na ilikuwa siku yao ya mwisho kabla ya likizo fupi ya katikati ya muhula. Tope lilibomoa sehemu kubwa ya shule pamoja na nyumba zilizokuwa jirani. Watu 144 walikufa, na kati yao 116 walikuwa watoto, wengi wao wa umri wa miaka saba hadi kumi. Walimu watano walikufa pamoja na wanafunzi wao. Karani aliyekuwa akikusanya fedha za chakula aliwalalia watoto watano kwa mwili wake; yeye akafa, wote watano wakapona. Wachimbaji walipanda kutoka mgodini na koleo zao wakafukua walikozikwa watoto wao wenyewe. Baada ya saa tano asubuhi hakupatikana tena aliye hai.

Je, hiyo ilikuwa ajali? Hebu tuhesabu ishara. Mwaka 1939 lundo la mgodi liliporomoka huko Cilfynydd, katika bonde lilo hilo la Taff, likaziba barabara. Kwa bahati halikuua mtu. Mwaka 1944 lundo la nne la Aberfan lenyewe liliteleza. Mwaka 1963 lundo la saba nalo likasogea. Mwaka huo huo mhandisi wa baraza la mji aliandika barua ambayo kichwa chake kilitaja waziwazi hatari ya tope la makaa linalomwagwa nyuma ya shule za Pantglas. Mwaka 1964 diwani mmoja mwanamke alionya katika mkutano wa baraza kwamba lundo likisogea litaihatarisha shule nzima. Mwaka 1965 akina mama wawili walipeleka malalamiko shuleni kuhusu mafuriko, na mwalimu mkuu akayafikisha kwa baraza. Halmashauri ya Makaa iliahidi kushughulikia mitaro. Hadi Oktoba mwaka uliofuata haikuwa imeshughulikiwa. Mwalimu mkuu huyo alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Wahenga walisema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Hapa mawingu yalitanda kwa miaka ishirini na saba.

Tume ya uchunguzi iliongozwa na Jaji Edmund Davies, mzaliwa wa bonde la jirani. Ilikaa kwa siku 76 na kuwasikiliza mashahidi 136. Ripoti yake, iliyotolewa Agosti 1967, iliitwika Halmashauri ya Makaa lawama ya maafa hayo. Tume ilieleza kuwa waliohusika hawakuwa watu waovu. Lililoua ni kutojua, uzembe na kushindwa kupashana habari. Halmashauri hiyo, iliyokuwa na migodi mamia kwa mamia, haikuwa na utaratibu wowote wa kusimamia malundo yake. Ilikuwa na wataalamu wa kila kitu kilichoko chini ya ardhi, lakini kilichokuwa juu ya vichwa vya watu hakikuwa na mwenyewe.

Mwenyekiti wa Halmashauri, Lord Robens, siku ya maafa hakwenda Aberfan; alikwenda kutawazwa kuwa mkuu wa chuo kikuu cha Surrey. Baadaye alidai kwamba chemchemi zilizo chini ya lundo hazikuwa zikijulikana. Tume ilipomaliza kazi alitoa barua ya kujiuzulu, serikali ikaikataa, naye akabaki kitini hadi mwaka 1971. Hakuna aliyefutwa kazi, wala aliyeshtakiwa mahakamani. La ajabu zaidi ni kuwa bwana huyo huyo aliteuliwa kuongoza kamati iliyochunguza usalama wa wafanyakazi, na ripoti yake ya mwaka 1972 ndiyo iliyozaa sheria ya afya na usalama kazini ya mwaka 1974. Sheria hiyo imeokoa maisha mengi, na sina neno nayo. Lakini mzazi wa Aberfan aliyelisoma jina lile juu ya ripoti ile, alifikiri nini?

Kisha kuna suala la fedha, na hapo ndipo msomaji atakapouona uso wa mamlaka bila ushungi. Halmashauri ililipa pauni 500 kwa kila mtoto aliyekufa. Walimwengu, kwa upande wao, walichanga hadi hazina ya wahanga ikafikia takribani pauni 1,750,000. Wasimamizi wa hazina walipotaka kuwapa wafiwa sehemu ya mchango huo, tume ya serikali inayosimamia mashirika ya hisani ilipendekeza kwanza ichunguzwe kama kila mzazi alikuwa na uhusiano wa karibu na mtoto wake. Na malundo yaliyosalia juu ya kijiji je? Wenyeji walitaka yaondolewe, kwani watoto waliopona walikuwa wakiyatazama kila mvua iliponyesha. Halmashauri haikutaka kubeba gharama yote. Mwaka 1968 pauni 150,000 zilichukuliwa kutoka kwa hazina ya wahanga ili kusaidia kulipia kazi hiyo. Kwa maneno mengine, waliofiwa walilipishwa gharama ya kuondoa uchafu wa aliyewaua watoto wao.

Fedha hizo zilirudishwa mwaka 1997, baada ya miaka 29, zikiwa pauni 150,000 zile zile bila hata senti ya riba. Mwaka 2007 serikali ya Wales ilitoa pauni milioni 2 zaidi kama fidia ya dhuluma hiyo. Deni lilikiriwa, ila wazazi wengi walikuwa wamekwisha kulala makaburini kando ya watoto wao.

Wako watakaosema kwamba wanakijiji nao walinyamaza mno. Siwezi kukubaliana nao moja kwa moja. Mgodi ndio uliokuwa tegemeo la kijiji, na lililohofiwa ni kwamba anayelalamikia lundo sana anahatarisha mgodi, na anayehatarisha mgodi anamnyang'anya jirani yake mkate. Mtu hulitafakari tishio la leo kuliko la kesho, na tumbo tupu ni tishio la leo. Hata hivyo hawakunyamaza kabisa: akina mama walilalamika, diwani akasema, mhandisi akaandika. Lililokosekana ni sikio, wala si sauti. Mwaka 1969 bunge lilipitisha sheria ya kwanza mahususi ya usalama wa malundo ya migodi. Sheria iliyowezekana mwaka 1969 iliwezekana mwaka 1959 pia. Kilichoongezeka katikati ni makaburi.

Mgodi wa Merthyr Vale ulifungwa mwaka 1989, na migodi mingine ya mabonde hayo ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Kazi ilikwenda zake, faida ikaliwa zamani, malundo yakabaki. Wales ina takribani malundo 2,500 ya migodi iliyokufa. Februari 2020, mvua za dhoruba iliyopewa jina la Dennis ziliporomosha tani zipatazo 60,000 za mabaki huko Tylorstown, katika bonde la Rhondda. Novemba 2024 lundo jingine likateremka Cwmtillery na kuwahamisha watu majumbani mwao. Safari hizi hakufa mtu. Mwaka 2025 Wales ilipitisha sheria mpya ya kuunda chombo maalumu cha kuyasimamia malundo yaliyoachwa, kwa kuwa ile ya 1969 ilitungwa migodi ingali kazini, wakati palipokuwa na wa kuulizwa. Nionavyo, hilo ndilo somo kubwa la Aberfan kwa uchumi wa dunia nzima: anayechuma faida huondoka na faida yake, na anayeishi bondeni huachiwa mlima. Nchi yoyote inayotoa leseni ya uchimbaji bila kuuliza mapema nani atakayelinda mabaki miaka hamsini baadaye, inawaandikia wajukuu wake deni.

Kwetu hapa, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, ukuta wa bwawa la Solai katika Kaunti ya Nakuru ulipasuka na maji yakaua watu wasiopungua 47 waliokuwa chini yake. Maji si tope la makaa, na Solai si Aberfan. Hata hivyo ni jambo lile lile: kitu kizito kimehifadhiwa juu, watu wamelala chini. Na neno lililokuwa vinywani mwa wengi lilikuwa lipi? Ajali.

Sisemi tuifute methali ya wahenga. Yako mambo yasiyo na kinga, na faraja yake ni halali kwa aliyefiwa. Lakini ni faraja ya wafiwa. Haifai kuwa kimbilio la wenye mamlaka. Mzazi mmoja wa Aberfan alilielewa hilo upesi kuliko wanasheria. Katika kikao cha kuthibitisha vifo, siku chache baada ya maafa, alitaka cheti cha mwanawe kiandikwe kuwa mtoto alizikwa hai na Halmashauri ya Makaa. Alilikataa neno ajali kabla tume haijaundwa, na ripoti ya tume ikampa haki.

Walimu wenzangu wa lugha huwafunza wanafunzi kuandika barua rasmi: anwani mbili, tarehe, kichwa cha habari, kisha maelezo. Barua ya mhandisi wa Merthyr Tydfil ilikuwa na hayo yote, na kichwa chake kilitaja hatari na mahali pake. Kwa kanuni za darasani ingepata alama zote. Basi na tuongeze somo jingine, ambalo sijaliona katika kitabu chochote cha kiada: wajibu wa anayeipokea barua. Mwanafunzi wa leo ndiye karani, mhandisi na waziri wa kesho. Akifunzwa kuandika onyo tu, bila kufunzwa kulisoma na kulijibu, tutakuwa tumemfunza nusu ya lugha.