Ukungu kichwani, dripu mkononi

Barua ya mwezi huu ni ya dada anayeishi na mumewe Connecticut, Marekani, jimbo lenye mji wa Lyme, ndiko ugonjwa wa Lyme ulikotoa jina. Aliumwa na kupe, akamaliza antibiotiki, lakini mwaka sasa kichwa kina ukungu: anasahau jina la bosi, anaacha jiko linawaka. Mumewe anataka wavunje akiba walipie dripu ya miezi kadhaa. Yeye anaogopa.

Dada, huo ukungu si uvivu wala kujidekeza. Na woga wako una msingi. Mwaka 2008 yalitoka matokeo ya jaribio la wagonjwa 37 wenye shida kama yako, wiki 10 za dripu ya seftriaksoni. Wiki ya 12 waliopewa dawa walichangamka zaidi kidogo. Wiki ya 24, wapi! Tofauti na waliopewa dripu isiyo na dawa ilishayeyuka. Na mrija wa mshipani unaweza kuleta maambukizi au kugandisha damu.

Kwanza muombe daktari apime tezi ya shingo, usingizi na sonona. Vyote huleta ukungu, na vinatibika.

Shemeji, najua unasukumwa na mapenzi. Ila acha kummalizia sentensi mbele ya wageni. Hesabu za bili fanyeni asubuhi, kichwa chake kikiwa chepesi.