Kalamu Nayo Yataka Gwaride

Wako askari wenye kipawa cha kutunga mashairi, ambao hungoja mpaka moyo uwatume. Kungoja huko ndiko kuuako kipawa. Bunduki isiyosafishwa hushika kutu, na kalamu ni vivyo hivyo.

Tumtazame marehemu Shaaban Robert (1909–1962). Alikuwa karani wa serikali huko Tanganyika, akihamishwa kituo hadi kituo kama askari ahamishwavyo, lakini hakuacha kutunga. Utenzi wake wa Vita vya Uhuru, uelezao vita vya 1939 hadi 1945, una beti zipatazo 3,000. Kazi kama hiyo haizaliwi kwa furaha ya usiku mmoja. Tena ulichapwa kitabu mwaka 1967, naye keshafariki. Wala hakuwa peke yake: gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, liliwakutanisha washairi, wakajibizana kwa beti.

Basi, ndugu askari, shika daftari. Tunga ubeti mmoja kila siku, hata utokapo lindoni. Mwisho wa juma kutaneni kambini, kila mmoja asome alichotunga, mkosoane bila chuki.

Hapa Uganda Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini wako raia ambao wakikisikia hukumbuka amri na vitisho tu. Ni nani atakayewaonyesha kwamba ni lugha ya fikira na huruma pia, kama si ninyi mnaokisema kila siku?